Si Mimi wa Kwanza

Bweni la Wanafunzi,
Kituo cha Jeshi la Anga.
Jumapili, 4 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu baada ya miaka yote ya kutumiana sauti. Simu zetu zilikusanywa siku ya kuripoti, zikatiwa kwenye sanduku la bati, na tutazipata tukimaliza mafunzo. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani. Nimekuandikia wewe kwa sababu katika ukoo mzima ni wewe tu unayejibu barua. Baba angeijibu mwakani.

Nipo kituoni kwako, Shangazi! Baba aliniambia ulikuwa mpiga chapa katika ofisi za hapa ukiwa msichana. Kila nikipita kwenye jengo refu lenye madirisha ya kijani najiuliza ulikaa chumba gani. Mnara wa kuongozea ndege bado umeinama kidogo upande mmoja kama mlevi anayejikaza. Banda kubwa la ndege limepakwa rangi mpya, ila ukiligusa mkono unatoka na kutu.

Wiki ya kwanza Afisa Habari alitupa historia ya kituo. Kumbe kilijengwa na wageni wakati wa vita vikuu. Wakulima walipakiwa kwenye malori wakaenda kumwagwa mbali, na mashamba yao yakawa njia ya kurukia. Wageni walileta vijana wao kujifunza hapa kwa kuwa anga letu ni jeupe karibu mwaka mzima. Bendera ilipobadilishwa, wakatuachia ndege chache mbovu na mafundi wawili waliokataa kuondoka. Tangu hapo hakuna rubani wa jeshi letu ambaye hakuanzia kwenye lami hii. Alituonyesha ukuta wa mawe nje ya uwanja wa gwaride, wenye majina ya wanafunzi waliofia mafunzoni. Kila jubilei majina hayo husomwa, na gwaride lote hujibu kila jina: "Yupo!"

Kisha akanitazama mimi. "Na mwaka huu," akasema, "kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo hiki, mwanamke anajifunza kurusha ndege." Wenzangu wakapiga meza. Shangazi, nilivimba kichwa nusura kofia inibane. Jubilei ni Aprili, na mimi ndiye nitakayesoma hotuba ya wanafunzi mbele ya wakubwa wote.

Tatizo ni moja. Sitasoma hotuba yoyote kama sijaruka peke yangu, na sitaruka peke yangu kama situi vizuri. Nikishuka alasiri, nikiwa nimekaribia kabisa, ndege inaanguka ghafla kama imekatwa kamba. Nikivuta pua juu ndiyo inazidi. Mkufunzi Mkuu wetu ni mzee mmoja mkavu tunayemwita Meja Tena, maana hana neno jingine. Ukitua vibaya, "Tena!" Ukitua vizuri, "Tena!" Nadhani hata mkewe akimpikia chai humwambia hivyo hivyo.

Niandikie hadithi za enzi zako hapa. Na uniombee.

Mwanao,
Rubani (bado sijaiva)


Nyumbani.
Jumatano, 14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimetoka kufa mara nne. Nina mwanafunzi mpya, mama mwenye duka la dawa, ambaye akiona lori anafumba macho. Namwambia, "Mama, lori halitaondoka kwa sababu wewe hulioni." Ananijibu, "Mwalimu, wewe si una breki upande wako?" Ndiyo maana mji mzima wananiita Breki. Mguu wangu wa kulia siku hizi unakanyaga hata nikiwa nimelala.

Za mashine ya chapa sina. Ilikuwa mashine, na herufi ya R ilikuwa inakwama. Basi.

Kuhusu kutua. Wewe unashuka ukitokea upande wa machimbo ya mawe, na alasiri upepo unatoka kushoto kwako. Banda kubwa linaukinga. Ukifika usawa wake, upepo uliokuwa unakushika unakuachia mkono bila kuaga. Hapo kila mtu anavuta pua juu, na hapo ndipo anapokosea. Usivute. Kabla hujafika kwenye kona ya banda, ongeza injini kidogo tu, bawa la kushoto liendelee kulala upande wa upepo, na macho yako yatazame mwisho wa njia. Usiitazame lami iliyo chini ya pua. Ukilipita banda upepo utarudi na kofi. Uwe umeshajiandaa.

Hilo la kuwa wa kwanza, punguza. Usiliseme ovyo na usikubali kulisoma kwenye karatasi. Ruka tu, mwanangu. Ukipata mbawa zako za urubani kifuani, zinatosha.

Kula vizuri.

Shangazi yako,
Breki


Bweni la Wanafunzi.
Jumapili, 25 Februari

Shangazi,

Shikamoo. NIMERUKA! Peke yangu! Kiti cha mkufunzi kilikuwa kitupu, na nilipopanda nikajikuta naimba kwa sauti mbaya kuliko ile ya Baba bafuni. Wenzangu walinimwagia ndoo ya maji machafu ya kuoshea ndege, na nanuka mafuta hadi leo.

Ilikuwa ni yale uliyoniandikia. Neno kwa neno. Siku moja kabla, nikiwa na Meja Tena, nilifika kwenye kona ya banda nikaongeza injini, nikaacha bawa lilale, ndege ikapita kama imepakwa siagi. Hakusema "Tena". Tuliposimama akauliza, "Nani kakufundisha hilo?"

Nikasema, "Shangazi yangu, afande."

"Shangazi yako ni nani?"

"Mwalimu wa udereva. Zamani alikuwa mpiga chapa hapa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akashuka akaenda zake karakana bila kuandika alama zangu. Asubuhi yake akaniruhusu niruke peke yangu.

Sasa niambie. Mpiga chapa anajuaje upepo unafanya nini usawa wa banda kubwa? Huo haujulikani dirishani.

Na niseme la moyoni, kwa sababu nimekasirika. Mtu mzima unaandikiwa kwamba binti wa mdogo wako anaingia kwenye historia, unajibu "punguza"? Nilidhani wewe ndiye utakayepiga vigelegele kuliko wote. Nilimwandikia Mama, akanijibu nisikulaumu, eti wewe tangu zamani ndege ikipita juu unaacha kuzungumza hadi ipotee. Anadhani ulipenda kitu hapa ukakikosa. Ni hivyo? Ni wivu, Shangazi? Afadhali uniambie kuliko kuniandikia "kula vizuri".

Mwanao


Nyumbani.
Jumapili, 3 Machi

Mwanangu,

Hongera. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Si wivu. Ukinifikiria hivyo unaniua, lakini siwezi kukuzuia kufikiri.

Bahasha yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi ya ofisi. Kwa hiyo acha maswali. Una mafunzo ya kumaliza. Kuna watu huko hawapendi maswali, na wewe bado huna mbawa.

Breki


Bweni la Wanafunzi.
Jumapili, 10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nilikwenda kwa Meja Tena mwenyewe. Nilimkuta karakana, nikapiga saluti nikamuuliza bila kuzunguka: "Afande, shangazi yangu alikuwa nani hapa?"

Alitazama mlango kwanza. "Muulize yeye."

"Nimemuuliza, afande. Amekataa."

"Basi muulize tena."

Nakuuliza tena.

Nimepewa hotuba ya jubilei. Imeandikwa na Afisa Habari, mimi kazi yangu ni kuisoma. Inaanza hivi: "Mimi, mwanamke wa kwanza kurusha ndege kutoka katika ardhi hii..." Wewe uliniambia nisikubali kuisoma, kabla hata haijaandikwa. Nipe sababu. Wakiifungua na waifungue. Mimi si mtoto wa kufichwa nyuma ya gundi.

Kama nilikuumiza kwa lile neno la wivu, nisamehe. Lakini usininyamazie.

Mwanao


Nyumbani.
Jumapili, 17 Machi

Mwanangu,

Kwanza nimsalimie anayezifungua barua hizi. Ndugu, habari za kazi. Hii ni ndefu, tafuta kiti. Soma taratibu, usiruke mstari, na ukimaliza umpelekee bosi wako. Mwandiko wangu unasomeka. Nilifundishwa kuandika taarifa za urukaji, na taarifa ya urukaji isiposomeka mtu anakufa.

Sasa wewe. Sikuwa mpiga chapa. Yaani nilikuja kuwa mpiga chapa baadaye, miezi michache ya mwisho, kama adhabu. Nilikwenda hapo kuwa rubani.

Tulikuwa wasichana watano. Serikali ilitaka kuwaonyesha wageni wake kwamba na sisi tuna wanawake angani, ikatuchukua moja kwa moja kutoka shuleni. Nadhani walitaka tupande, tupigwe picha, tushuke. Kosa lao ni kwamba walitupa mkufunzi asiyejua kufundisha kwa mchezo. Alitufundisha kama alivyowafundisha wavulana, kwa kelele zile zile. Wote watano tuliruka peke yetu. Wote, mwanangu. Ule upepo wa banda kubwa aliyeugundua ni mimi, baada ya kuvunja gurudumu la pua na kutukanwa mbele ya kituo kizima. Wavulana wa kozi yetu nikawafundisha mimi namna ya kuupita. Huyo mnayemwita Meja Tena alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwembamba kama ufito na alikuwa anatapika kila tukipinda.

Kati yetu alikuwepo mmoja tuliyemwita Kicheko; jina lake kamili nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Alikuwa akicheka redioni mpaka mnara unamfokea. Kuruka alituzidi wote, mimi nikiwemo, na mimi si mtu wa kukiri hivyo bure.

Asubuhi aliyokufa nilitangulia mimi kuirusha ndege ile ile aliyopewa baadaye. Nikiwa juu, injini ilikohoa. Mara moja, halafu tena. Nilipotua nilikwenda karakana nikaripoti. Mkuu wa zamu akasema, "Hayo ni masikio ya kike. Injini inanguruma, wewe unasikia kikohozi." Nikarudi kwa mara ya pili nikiwa na mkufunzi wetu. Wakasema wataitazama. Siku ile kulikuwa na mgeni mkubwa jukwaani, na alitaka kuona msichana angani. Nikaambiwa nikae pembeni kwa kuwa nina "wasiwasi". Kicheko akapewa ndege.

Injini ilikufa alipokuwa ndiyo kwanza anaondoka, hajafika juu popote. Mbele yake palikuwa na nyumba za familia za askari, watoto wanacheza uani, nguo zimeanikwa. Angenyoosha mbele, labda angepona yeye. Alipinda. Nilimwona kwa macho yangu akipinda kwa makusudi, bawa limelala sawasawa kama tulivyofundishwa, akaipeleka ndege kwenye machimbo. Hakuanguka kwa hofu. Aliitua mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuumia ila yeye.

Taarifa yao ilisema mwanafunzi alishikwa na hofu akapoteza udhibiti. Kwa hiyo wanawake hawafai. Kozi ikafungwa. Wanne tuliobaki tukaitwa mmoja mmoja ofisini, tukaambiwa tuweke sahihi kwamba hatutasema lolote kuhusu kituo, kisha tukagawanywa: wawili jikoni, mmoja stoo, mimi mashine ya chapa. Jina la Kicheko halikuwekwa ukutani, kwa sababu ukuta ni wa wanafunzi marubani, na kwenye makaratasi yao mapya hatukuwahi kuwa marubani. Mama yake aliambiwa mwanawe aliingiwa na woga. Yu hai mpaka leo. Anaamini hivyo mpaka leo, na anaona aibu.

Babu yako aliona ni heri watu wajue binti yake alikuwa mpiga chapa kuliko kujua alifukuzwa. Baba yako alikuwa mdogo, akakua na hadithi hiyo. Mimi nikaiacha. Nilichoka, mwanangu. Nikaenda kufundisha watu kuendesha magari, kwa sababu magari nayo yana usukani na hayahitaji ruhusa ya mtu.

Sababu ndiyo hiyo. Ukisimama pale ukasema wewe ni wa kwanza, Kicheko atazikwa mara ya pili, na safari hii atazikwa na mtu wa kwetu.

Sikuamrishi. Mbawa ni zako, na wanaweza kukunyima. Watu hawa nawajua. Ukiisoma hotuba yao nitabaki kuwa shangazi yako na nitakupikia ukija. Ila umeniuliza mara tatu, nami nimechoka kukanyaga breki.

Shangazi yako


Bweni la Wanafunzi.
Jumapili, 24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwao siku kadhaa kabla sijapewa. Nadhani walipokezana.

Nilipomaliza kuisoma nilikwenda kusimama kwenye ukuta. Nilitafuta mwaka wenu. Kuna jina moja la mvulana juu, jina jingine chini, na katikati jiwe tupu.

Alhamisi niliomba kumwona Kamanda wa Kituo. Ni mtu mpole, Shangazi, na hilo ndilo lililonitisha. Alinipa kiti. Nikamwambia, "Afande, hotuba siwezi kuisoma. Si kweli."

"Ulikuwepo?" akauliza.

"Sikuwepo, afande. Shangazi yangu alikuwepo."

"Shangazi yako alikuwa mpiga chapa. Ipo kwenye kumbukumbu zetu."

"Basi kumbukumbu zenu zije zitue alasiri usawa wa banda kubwa, afande. Shangazi yangu anaweza."

Sijui mdomo ulinitoka wapi. Labda ni wako. Alitabasamu akasema mimi ni kijana mwenye kipaji, kwamba jeshi si mahali pa hadithi za familia, na kwamba nimesimamishwa kuruka hadi nitakapokubali kuisoma. Jubilei ikipita sijakubali, nitarudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu. Hotuba wamempa mwenzangu aifanyie mazoezi, "Mimi" ikigeuzwa "Mwenzetu", kama tahadhari.

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja kaniambia, "Soma tu, maneno ni upepo." Nikamwambia upepo ndio huangusha ndege.

Naogopa, Shangazi. Kila asubuhi nawatazama wakiruka nami naosha vioo vya ndege zao. Lakini siisomi.

Mwanao


OFISI YA KAMANDA WA KITUO
Jumatano, 27 Machi

Kwa: Mwalimu wa Udereva (aliyekuwa Mpiga Chapa, Ofisi ya Utawala)

YAH: UKUMBUSHO WA KIAPO CHA SIRI

Ndugu,

Nimeagizwa kukukumbusha kwamba uliweka sahihi ya kutotoa taarifa zozote zinazohusu shughuli za kituo hiki. Imebainika kwamba umekuwa ukimpotosha mwanafunzi wa kituo kwa masimulizi yasiyo na ushahidi. Unatakiwa kumwandikia mwanafunzi huyo mara moja na kuyakanusha masimulizi hayo. Ukikaidi, hatua za kisheria zitachukuliwa dhidi yako, na mustakabali wa mwanafunzi tajwa utaathirika.

Aidha, unashauriwa kutohudhuria sherehe za jubilei.

Msaidizi wa Kamanda


Nyumbani.
Jumamosi, 30 Machi

Ndugu Msaidizi wa Kamanda,

Nimeipata barua yako. Nakushukuru, kwa sababu imenirahisishia mambo.

Unasema niliapa kutosema shughuli za kituo. Halafu unasema nilikuwa mpiga chapa na hizo shughuli hazikuwepo. Chagua moja, ndugu yangu. Kama hazikuwepo, hakuna siri niliyoitoa. Kama nimetoa siri, basi zilikuwepo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye aya ya kwanza.

Sikanushi. Nilirusha ndege za kituo hicho, peke yangu na pamoja na wengine. Niliripoti injini mbovu mara mbili. Rafiki yangu alipewa ndege hiyo na akafa akiwaokoa wake na watoto wa askari wenu. Pengine mmoja wa watoto hao leo ni afisa ofisini kwako. Hatua za kisheria zichukue. Hakimu akiniuliza nitamjibu, na nitamjibu kwa sauti, maana kazi yangu imenizoesha kusemeza watu wasiosikia.

Kuhusu mustakabali wa mwanafunzi: huyo ni mtu mzima. Hakuniomba ruhusa kuwakatalia, nami sitamwomba awakubalie.

Kuhusu jubilei: mmetangaza redioni kwamba milango itakuwa wazi kwa raia wote. Mimi ni raia. Nitakuja na mgeni wangu, mama mzee asiyeweza kusimama muda mrefu. Mtuandalie kiti chenye kivuli.

Wako katika kazi,
Rubani wa zamani wa kituo hicho


Nyumbani.
Jumatatu, 15 Aprili

Mwanangu,

Wamekataa nikuone mahabusu. Mlinzi wa getini alikuwa na adabu, akasema barua anaweza kuipitisha. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo wewe hukuyaona, kwa sababu askari aliye kwenye gwaride hutazama mbele, nawe ulitazama mbele kama ilivyotakiwa.

Tulifika mapema. Mama yake Kicheko nilimchukua kwa gari la shule, lile lenye ubao wa "MWANAFUNZI" juu. Nilikuwa nimekwenda kwake mwishoni mwa Machi, nikamweleza kila kitu, alivyopinda na kwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mbona hamkuja siku zote hizi?" Nikamshika mkono. Wale wengine wawili walitukuta getini, mmoja anatembelea fimbo. Wa tatu yuko mbali sana, alituma salamu. Kiti chenye kivuli hakikuandaliwa. Tukamnyang'anya mpiga picha cha kwake.

Mwenzako alisoma hotuba. Alipofika kwenye "mwanamke wa kwanza" alimung'unya kama mtu mwenye ndizi mdomoni, akaruka hadi aya nyingine. Nilimpenda kijana yule.

Halafu majina. Yule Afisa Habari wenu alisoma la kwanza, gwaride likajibu "Yupo!" na mama akashtuka. Akaniuliza wanafanya nini, nikamweleza. Akawa anasikiliza kila jina, ameinamisha kichwa, mkono kwenye sikio. Yakaisha. Afisa akafunga jalada lake. Mama akanitazama.

Ndipo nikaisikia sauti yako.

Ulitaja jina lake kamili, mwanangu. Kutoka katikati ya mstari, kidevu juu, kama unaita watu vitani. Uwanja mzima ukanyamaza hadi ukasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Jukwaani Kamanda aligeuza shingo. Askari wawili walianza kukujia kutoka pembeni. Nilifungua mdomo nijibu, sauti ikakwama. Mimi, Breki, niliyefokea nusu ya madereva wa mji huu. Aliyejibu ni mama yake. Kisauti chembamba, kimekauka: "Yupo."

Meja Tena alikuwa mbele ya gwaride, upanga begani. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Hukumwona uso, alikupa mgongo. Mimi nilimwona. Alikuwa anatetemeka kidevu, kama zamani kabla hajatapika. Aliwaonyesha wale askari wawili kiganja, wakasimama. Akageuka akawatazama ninyi nyote, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Gwaride! Jina limetajwa. Tena!"

Ukalitaja tena. Na wakajibu. Wote, mwanangu. Wanafunzi, mafundi wa karakana, bendi, hadi wapishi waliosimama nyuma na aproni zao. Ile "Yupo!" niliisikia kifuani. Njiwa walitoka kwenye mapaa ya mabanda.

Mama aliutoa mkono sikioni. Kisha akaniambia, "Kumbe wanamjua."

Nikamwambia, "Sasa wanamjua."

Najua kilichofuata kwako, na kwamba watakuhoji. Usikanushe hata nukta. Wakikufukuza, njoo nyumbani, nina gari la pili halina mwalimu. Lakini wasikufukuze kirahisi. Wape kazi.

Shangazi yako


Bweni la Wanafunzi.
Jumapili, 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bahasha hii haitafunguliwa. Naituma kwa mkono wa Meja Tena, ambaye sasa ni mstaafu na anakuja huko kukusalimia mwenyewe. Mpikie. Usimtoe roho.

Nilihojiwa mbele ya maafisa watano. Waliniuliza nani alinituma. Nikasema sikutumwa. Waliniuliza kama najutia. Nikasema najutia kwamba sauti ilinitetemeka mara ya kwanza. Wakamwita Meja Tena. Alisema, "Mara ya kwanza alitaja bila amri, hilo ni kosa lake. Mara ya pili alitaja kwa amri yangu, na gwaride likajibu kwa amri yangu. Mkimfukuza yeye, mnifukuze na mimi, na mlifukuze gwaride." Kisha akawaeleza kozi yenu yote, mmoja mmoja, nani aliruka lini na nani alimfundisha nini. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kutua. Mmoja wa maafisa wale aliuliza nyumba za familia zilikuwa wapi siku ile. Alipoonyeshwa kwenye ramani alisema, "Nilizaliwa kwenye nyumba hizo," akaomba maji.

Nilivuliwa cheo cha kiranja wa darasa, nikapewa kazi za jikoni mwezi mzima, na nikarudishiwa ndege. Meja Tena alistaafishwa kabla ya wakati wake, bila sherehe. Kuhusu ukuta, wanasema kamati inalitazama. Wakati kamati inatazama, mtu fulani wa karakana ameandika jina la Kicheko kwenye lile jiwe tupu kwa rangi nyeupe ya ndege. Limefutwa mara mbili. Limerudi mara mbili. Safari hii hakuna aliyetumwa kulifuta.

Jana nimepewa mbawa. Kamanda alipita mstari mzima akitubandika. Alipofika kwangu alisimama, akashika ile beji muda mrefu kuliko kwa wengine. Nilidhani ananinyima. Akauliza kwa sauti ya chini, mdomo haufunguki vizuri:

"Haya, wewe unasema ni wa ngapi?"

"Wa sita, afande."

Akanibandika. Alinichoma kidogo na pini, sijui kama ni makusudi. Sikutikisika.

Mwanao,
Rubani